Doti mbili za khanga na mkonge usiozaa mbegu: jibu kuhusu meiosisi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita, naishi Ngomeni, Muheza. Hatua za meiosisi, ule mgawanyiko wa seli unaotengeneza seli za uzazi, nimezikariri zote, lakini kuna jambo halijaniingia. Tunaambiwa idadi ya kromosomu inapungua nusu katika mgawanyiko wa kwanza. Sasa ule wa pili ni wa nini? Mbona huo wa pili ndio unaopasua kromosomu, halafu idadi inabaki ile ile? La pili, babu yangu alikata mkonge miaka mingi. Anasema mkonge hauna mbegu, “unazaa watoto hewani”. Mwalimu wetu alisema sababu iko kwenye meiosisi, kengele ikalia kabla hajamaliza. Naomba unifafanulie.

JIBU: Marahaba, binti yangu, na babu mfikishie salamu zangu. Maswali yako mawili nimeyasoma mara kadhaa, na kila nikiyasoma naona ni swali moja. Ukielewa kwa nini mgawanyiko wa kwanza ndio unaopunguza idadi, utakuwa umeshapata nusu ya habari ya mkonge. Kwa hiyo nitakwenda taratibu mwanzoni.

Weka daftari pembeni. Muombe mama doti ya khanga ambayo haijakatwa, uitandaze kitandani. Unaona vipande viwili: pindo lile lile, mji ule ule, jina lile lile, vimeshikana kwa sababu mkasi haujapita katikati. Hiyo ndiyo ile kromosomu ya umbo la X unayoichora darasani. Kabla meiosisi haijaanza, seli imeshanakili DNA yake yote, kila uzi ukapata nakala yake. Uzi na nakala yake tunaviita kromatidi, ndugu wa tumbo moja, na pale vinapobana ndipo kwenye sentromia.

Sasa tandaza doti ya pili kando ya ile ya kwanza. Tuseme ya kwanza imetoka kwa mama, ya pili kwa baba. Ukubwa ni mmoja na mpangilio ni mmoja, pindo mahali pake, mji mahali pake, jina mahali pake. Ila maneno ya jina si yale yale. Ya mama inasema hivi, ya baba inasema vile. Hizo doti mbili ni kromosomu wenza. Wenza hawa si nakala. Wanabeba jeni za mambo yale yale kwa mpangilio ule ule, lakini kila mmoja ana maneno yake.

Muuza khanga akikuuliza umenunua doti ngapi, hutahesabu vipande. Doti ambayo haijakatwa ni moja. Na kromosomu huhesabiwa hivyo hivyo, kwa sentromia: X nzima ni kromosomu moja, ingawa ina kromatidi mbili. Seli ya binadamu inayoingia kwenye meiosisi ina doti 46, yaani vipande 92. Mgawanyiko wa kwanza haukati doti yoyote katikati. Unachofanya ni kuwatenganisha wenza: doti moja ya kila jozi inakwenda upande huu, mwenzake upande ule. Kila seli inapata doti 23, zote bado hazijakatwa. Idadi imeshapungua nusu. Mgawanyiko wa pili ndio unaoleta mkasi. Kila doti inakatwa, kila seli inabaki na vipande 23, na kipande kikishakatwa kinahesabiwa chenyewe kuwa kromosomu. Ndiyo maana unaona 23 kabla na 23 baada.

Kilichopungua mara hiyo ya pili ni kiasi cha DNA. Kama seli kabla ya kunakili ina kiasi 2, baada ya kunakili ina 4, baada ya mgawanyiko wa kwanza ina 2, baada ya wa pili ina 1. Andika mistari hiyo miwili, wa idadi na wa kiasi, mmoja juu ya mwingine, na fumbo lako litafunguka. Wanafunzi wengi wanakwama hapa, na siwalaumu. Vitabu vinatumia neno kromosomu kwa X nzima, halafu kurasa mbili mbele vinalitumia kwa nusu yake bila kumwambia msomaji kwamba kuna mkasi umepita.

Lakini mwanafunzi makini hataishia hapo. Atauliza: seli inajuaje kwamba safari hii isikate, ingoje safari ya pili? Swali hilo lilijibiwa vizuri juzi juzi tu, ukilinganisha na umri wa sayansi hii. Vipande viwili vya doti vimeshikanishwa na protini iitwayo kohesini, mfano wa pete zinazozunguka kromatidi zote mbili kuanzia ncha hadi ncha. Mkasi wenyewe ni kimeng’enya kiitwacho separasi, nacho hukata pete hizo. Katika mgawanyiko wa kwanza separasi hukata pete za mikononi tu, yaani zile zilizo mbali na sentromia, kwa hiyo vipande viwili vya doti havitengani. Pete za pale kwenye sentromia zina mlinzi. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walimtambua mlinzi huyo wakampa jina la shugoshini, kutokana na neno la Kijapani linalomaanisha roho mlinzi. Shugoshini hukaa kwenye sentromia kuhakikisha pete za pale hazikatwi. Ukifika mgawanyiko wa pili ulinzi unaondoka, separasi inamalizia kazi, doti inakatika. Tangu nilijue hilo sijaweza tena kuuchora mgawanyiko wa kwanza bila kumtia mlinzi wake pale katikati.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu nimeruka sehemu iliyo tajiri kuliko zote, nayo ni profasi ya kwanza, hatua inayofungua mgawanyiko wa kwanza. Shuleni mnapewa hatua nane, kila moja na mchoro wake mmoja, kana kwamba zote zina uzito sawa. Hazina. Metafasi, anafasi na telofasi, zile zinazofuata, hupita upesi. Profasi ya kwanza huchukua sehemu kubwa ya muda wote wa meiosisi, na kwa mwanamke huchukua miaka. Mayai ya mtoto wa kike huingia profasi ya kwanza akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha hutulia hapo hapo. Moja moja huamshwa baada ya kubalehe, na mgawanyiko wa pili haukamiliki mpaka mbegu ya kiume iingie. Yai lililokuleta wewe duniani lilianza meiosisi wakati bibi yako ana mimba ya mama yako. Waza hilo ukimwona bibi.

Ni nini kinachofanyika muda wote huo? Wenza wanatafutana. Katika kiini kidogo mno, nyuzi 46 ndefu zimechangamana, na kila mmoja lazima ampate mwenzake mmoja tu. Ncha za kromosomu hujishikiza kwenye utando wa kiini, zikateleza na kukusanyika upande mmoja, nyuzi zikiwa zimefunguka upande wa pili, kama kikuba cha asumini kilichobanwa vikonyo. Zikiwa zimebanwa hivyo, zinavutwa huku na huku, zinagusana, zinaachana, mpaka wanaofanana wakutane.

Wakati huo huo seli inafanya jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza lilinitisha: inaikata DNA yake yenyewe, kwa makusudi, katika mamia ya sehemu. Ncha iliyokatika hutafuta maneno yanayofanana nayo ili ijitibu, na maneno hayo iyapate kwa mwenza. Hapo ndipo wenza hutambuana kweli kweli. Kisha hufumwa pamoja kwa urefu wao wote, ubavu kwa ubavu, kama zipu iliyofungwa. Majeraha mengi hupona bila kuacha alama. Machache huponea kwa kubadilishana: kipande cha doti ya mama kinaungwa kwenye doti ya baba, na cha baba kwa mama. Zipu ikifunguka, pale palipobadilishwa wenza hubaki wamekatizana kama msalaba, na hapo panaitwa kiazma. Mwaka 1909 Mbelgiji F. A. Janssens alipendekeza kwamba misalaba hiyo ni alama ya kubadilishana vipande, na mwaka 1931 Harriet Creighton na Barbara McClintock wakaithibitisha hoja ya kubadilishana wakitumia mahindi.

Vitabu vingi husema kazi ya kubadilishana ni kuleta tofauti kati ya watoto. Ni kweli, lakini naona wanasema nusu. Kiazma ina kazi nyingine ambayo bila hiyo meiosisi yote ingevunjika: inawafunga wenza pamoja. Katika metafasi ya kwanza jozi hujipanga katikati ya seli, nyuzi za kuvutia, si zile za DNA, za upande huu zimeshika doti ya mama, za upande ule zimeshika ya baba, kila upande unavuta. Umeshacheza kuvuta kamba. Kamba ikikaza, unajua upande wa pili kuna mtu. Kamba ikilegea, ama wenzako wameachia au mmeshika ncha zenu peke yenu. Seli nayo hupima hivyo hivyo. Kiazma ndiyo fundo linaloifanya kamba ikaze. Jozi isiyo na fundo hata moja haiwezi kuiambia seli kwamba iko sawa, na wenza hao wanaweza kuangukia upande mmoja wote wawili.

Kila jozi hujipanga kivyake, bila kuitazama jirani yake. Kwa jozi 23 hiyo ni mipangilio 8,388,608, kabla hata hujahesabu vipande vilivyobadilishwa. Walter Sutton, akiwa bado mwanafunzi Marekani, aliona mwaka 1902 kwenye seli za panzi kwamba mwendo huu wa kromosomu unafanana na mwendo wa vile vitu vya urithi alivyovitaja Mendel, yule mtafiti wa njegere, na hapo kromosomu na urithi vikaunganishwa. Mwaka ule ule wa 1902 Wajerumani walifungua taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo pale Amani, juu ya milima unayoiona ukiwa Muheza. Nitairudia Amani.

Kwanza niseme kuhusu kosa la kuangukia upande mmoja, kwa kuwa huenda ukakutana nalo mtaani kabla hujakutana nalo kwenye mtihani. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake walionyesha kwamba watoto wenye hali ya Down wana kromosomu namba 21 tatu badala ya mbili. Mara nyingi kosa hilo hutokea kwenye yai, katika mgawanyiko wa kwanza. Kumbuka yale mayai yanayongoja miaka thelathini au arobaini na pete zao za kohesini. Pete huchakaa, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazofanya uwezekano wa kosa kupanda kadiri umri wa mama unavyokwenda. Ukisikia mtu anamwambia mama wa mtoto kama huyo kwamba amerogwa au kuna mwiko alivunja, msaidie kwa ulichojifunza. Mama yule hakufanya kosa lolote.

Sasa mkonge.

Mimi, wewe, mahindi, mchungwa wa Muheza, wote tuna seti mbili za kromosomu, moja ya mama na moja ya baba. Katika jamii ya mkonge seti moja ina kromosomu 30, na ni seti ya ajabu kuitazama: tano ni kubwa, 25 ni ndogo sana, kama wazazi watano katikati ya darasa la chekechea. Mkonge wa kawaida, ule alioukata babu yako, una seti tano. Tano mara 30 ni 150. Mwaka 1936 L. R. Doughty, aliyekuwa akifanya kazi Amani, alichapisha utafiti kuhusu mwendo wa kromosomu katika aina saba za mimea ya jamii hiyo inayotoa singa. Kwa hiyo swali lako la kidato cha sita liliwahi kuwekwa chini ya hadubini huko huko nyumbani kwenu.

Fikiria profasi ya kwanza ndani ya ua la mkonge. Kwa kila aina ya kromosomu wamefika wenza watano. Kwa kawaida, mahali popote pamoja, zipu huwafuma wawili tu. Wawili watashikana na wawili wengine watashikana, wa tano atabaki hana wa kumshika. Au watatu watang’ang’aniana, mmoja kafumwa na huyu juu na yule chini. Hayo yanatokea kwa aina zote 30, kila moja kwa namna yake. Wakati wa kuvuta kamba ukifika, walio wapweke hawana wa kuvutana nao. Wanaelea, wanachelewa, wanaangukia popote. Nusu ya 150 ni 75, yaani seti mbili na nusu, na nusu seti si kitu ambacho chembe ya chavua inaweza kukitumia. Hii inapata hizi mbili na zile tatu, ile inapata kinyume, hakuna iliyo kamili. Ndiyo sababu mkonge unachanua maua mengi kwenye ile nguzo ndefu kama mlingoti, halafu maua yanapukutika bila mbegu za kueleweka. Hapa na pale mbegu chache hupatikana, ila mkulima hawezi kuzitegemea.

Na wale watoto wa hewani? Ni miche midogo inayochipua kwenye matawi ya nguzo hiyo hiyo baada ya maua kudondoka. Hao huzaliwa kwa mitosisi, ule mgawanyiko wa kawaida wa seli za mwili, na mitosisi haihitaji mwenza. Kila doti inasimama peke yake katikati, inakatwa, kipande huku na kipande kule. Doti 150 au 46, sawa tu. Ndiyo maana mkonge unakua vizuri, majani yake marefu, singa zake imara, na matatizo yake hayaonekani mpaka ujaribu kuzaa kwa ua. Migomba mingi tunayopanda ina shida ya ukoo huo huo, kwa kuwa ina seti tatu, nasi tunaipanda kwa machipukizi.

Babu ataipenda sehemu hii. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai na kupona ni 62 tu. Mashamba yaliyokuja kuijaza Tanga, na kuwaleta manamba kutoka kila pembe, yalitokana na miche hiyo. Na kwa kuwa haikuzaa kwa mbegu, mkonge uliopitishwa kwenye korona, ile mashine ya kutoa singa, enzi za babu ulikuwa, kwa kromosomu zake, karibu ule ule wa Hindorf. Hakuna seti iliyochanganywa upya. Hiyo ni faida kwa mwenye shamba anayetaka singa za aina moja. Kwa mtaalamu wa mbegu ni ukuta: kama meiosisi haifanyi kazi, utaboresha kwa kupitia wapi?

Watafiti wa Amani, na baadaye wa kituo cha utafiti cha Mlingano hapo jirani yako, waliuzunguka ukuta huo. Waligeukia ndugu za mkonge wenye seti mbili, kromosomu 60, ambao meiosisi yao haina taabu. Mmoja wao una majani ya buluu, nao umepewa jina la Amani yenyewe, Agave amaniensis. Waliupandisha na Agave angustifolia, mtoto wakamrudisha kwa amaniensis, na kati ya miche iliyotokea wakachagua ule uliopewa namba 11648. Huo ndio babu anaoujua kwa jina la haibridi, unaotoa majani mengi mno kabla ya kuchanua. Ulizaliwa kwa meiosisi safi ya pande zote mbili. Na ulipopatikana, wakaamua usipitishwe tena kwenye meiosisi. Nao unapandwa kwa miche ya nguzo na machipukizi, kwa kuwa mbegu zake zingezitawanya sifa zile walizozitafuta kwa miaka.

Usiyachukue haya kwa neno langu tu. Mahindi ya masika yakiwa yamekaribia kutoa mbelewele, mwombe mwalimu wa biolojia mfanye hivi pamoja. Bana shina kwa vidole juu kabisa, utasikia mahali palipo laini na mviringo, hapo ndipo mbelewele imejificha. Pasua majani uitoe ikiwa bado na rangi ya maziwa. Ikishatoka nje umechelewa. Ilazeni siku moja kwenye mchanganyiko wa alkoholi sehemu tatu na asidi ya asetiki kali sehemu moja, mikono iwe na glavu, maana asidi hiyo inaunguza. Kisha toa vifuko vya chavua kwenye kiua, ukubwa wake kama milimita mbili, uviponde kwenye tone la rangi ya asetokamini, uondoe maganda, funika kwa kioo, pitisha juu ya moto mara mbili tatu bila kuchemsha, ubonyeze kwa kidole gumba. Mara ya kwanza hutaona kitu. Mara ya tatu au ya nne utaona seli za mviringo zenye mafundo mekundu ndani. Anzia juu ya mbelewele ushuke, kwa kuwa vifuko haviko hatua moja vyote, na shina moja linaweza kukupa nusu ya hatua zote ulizozikariri.

Tafuta mwisho wa profasi ya kwanza, zipu zimeshafunguka na wenza wamebaki wameshikwa na kiazma tu. Mahindi yana kromosomu 20. Hesabu yale mafundo. Utapata kumi, na kila fundo ni doti mbili, moja ya mama na moja ya baba, zimekazana zikingoja kuvutwa.